Maziwa ya Wageni

Siku hizi vijana wa Ulaya wakija kujitolea, wajukuu wangu huwakimbilia. Mimi hubaki jikoni. Sitaki kuwaona, na sababu yake ni mwanangu wa kwanza.

Ilikuwa kijijini kwetu Olumbi, wakati wa vita vya ukombozi. Mreno alikwisha kutukusanya ndani ya kijiji cha seng'enge, sisi wa pwani pamoja na Wamakonde wa bara, ili tusiwapelekee wapiganaji chakula. Mume wangu hayupo, na kila mtu alijua yuko wapi ila askari. Nikajifungua binti. Mama akaniweka ndani arobaini, kama desturi yetu: maji ya moto asubuhi na jioni, uji wa pilipili manga, mlango umefungwa, mtoto ubavuni. Maziwa yalinitoka mpaka yakalowesha mkeka.

Ndipo wakaja wale wasichana. Wanafunzi wa Lisboa, wako likizo, wameletwa na lori la tropa, askari wa Mreno, kuja kutusaidia. Wakaingia chumbani kwangu bila hodi. Wakasema kuna giza, kuna moshi, mtoto atakufa. Mmoja, mwenye nywele nyekundu, akamnyanyua mwanangu, akamwambia mkalimani kwamba maziwa yangu hayatoshi. Kajuaje? Hajazaa, hata paka hajafuga. Mama akataka kusema neno, mkalimani akamnong'oneza, "Mama, nyamaza. Anayekataa msaada ataulizwa mkwewe yuko wapi." Tukawaachia mtoto.

Basi kila asubuhi wakawa wanamchukua mpaka baraza ya shule, wanamnywesha maziwa ya kopo kwa chupa, wanampiga picha, jioni wananirudishia amelala, tumbo ndii. Titi hakulitaka tena. Na titi lisiponyonywa hukauka, hilo halihitaji shule. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa nani angewapa jembe, na tropa wamesimama na bunduki?

Likizo yao ikaisha. Wakatukumbatia, wakalia machozi, na yule wa nywele nyekundu akaniachia kopo lililobaki nusu. Kile kilio chao mpaka leo kinanitia kinyaa. Kopo likaisha. Nikaenda posto, kituo cha askari, kuomba jingine, askari akacheka, akaniambia kanunue dukani. Kwa fedha ipi? Mwanangu akalia mpaka sauti ikamkauka, akawa anafungua mdomo tu. Nikimpa titi, analisukuma. Nikajua namzika.

Jirani yangu, Mmakonde, Mkristo, alikuwa ananyonyesha mtoto wake wa kiume. Akaja mwenyewe. "Dada, nipe huyo."

Mama akamweleza kwamba kwetu walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani maisha.

"Basi na wawe ndugu," akasema, akakaa mkekani.

Alimkamulia maziwa midomoni, tone kwa tone, mpaka mtoto akakumbuka kunyonya. Chakula ndani ya seng'enge kilikuwa cha kupimiwa, na yeye akawanyonyesha wawili. Mashavu yakambonyea. Mwanangu akanenepa.

Kiangazi kilichofuata kikaja kikundi kingine. Askari wakatuita uwanjani, mkalimani akamwonyesha binti yangu: huyu ndiye mtoto aliyeokolewa na maziwa ya kopo. Wakapiga makofi. Wakambeba, wakapokezana, picha juu ya picha. Kisha wakataka mama mtu aseme neno.

Jirani yangu alikuwa amesimama nyuma yao, hakuna aliyemtazama. Nikamkazia macho yeye, nikasema kwa Kiswahili, "Dada yangu, hawa waliniachia maiti. Wewe ndiye uliyemrudishia mwanangu roho. Mungu akulipe, maana mimi sina cha kukulipa."

Mkalimani akawaambia kwa Kireno kwamba nawashukuru sana, na naomba waje tena. Wakaanza kulia.