Mlango wa Fundi Boya

Mtaani kwetu Babu anaitwa Fundi Boya, na wala hachukii. Boya ni kile kinachoelea majini. Boya pia ni mtu mjinga. Bibi husema jina limemkaa pande zote mbili.

Babu ni seremala. Zamani alipewa kazi ya kufunga mlango wa choo kwenye meli ya ziwani. Njaa ikamzidi, akatia skrubu mojamoja kwenye bawaba, akakimbilia kula. Wiki iliyofuata akapanda meli hiyohiyo kama abiria. Ikagonga mwamba, ikazama. Mlango wake ndio uliokuwa wa kwanza kung'oka. Akaukumbatia mpaka alipookotwa.

"Kwa hiyo kulipua kazi ndiko kulikokuokoa?" nilimuuliza.

"Mungu hutumia vifaa vilivyopo," akajibu. Kisha akainamia randa yake, maana wengi aliopanda nao hawakurudi.

Tangu hapo hajakanyaga chombo, na hanunui ubao kabla hajautupa kwenye pipa la maji aone kama unaelea. Wateja humcheka. "Fundi, mbona nyumba yangu iko kilimani?"

"Hata nahodha wetu alijiamini hivyohivyo."

Basi mwezi uliopita Shangazi, aliyeolewa ng'ambo ya ziwa, akajifungua mtoto wa kiume na kumpa jina la Babu. Babu alifurahi mpaka akaranda kidole badala ya ubao. Tatizo, kufika huko ni kwa meli tu.

"Si amlete huku?" akasema.

"Kichanga akipande chombo unachokiogopa wewe mzee mzima?" Bibi akamaka. "Mimi Jumamosi naondoka. Ukibaki, baki na mbao zako."

Babu akajifungia karakanani. Alipotoka akatangaza kwamba kwenda mikono mitupu ni aibu, atampelekea Shangazi mlango. Nikaitwa kushika futi. Bibi naye akaitwa.

"Hebu simama hapa, mama watoto. Nyoosha mabega."

"Mlango wa mwanangu unapimwa kwa mabega yangu?"

"Huo ni ufundi, huwezi kuelewa."

Jumamosi, gatini, mkata tiketi akautazama mlango, akamtazama Babu. "Mzee, huyu ni mzigo au abiria?"

"Ni zawadi."

"Zawadi zinakaa chini, na mizigo."

"Hii haishuki chini, mwanangu. Nakuomba."

Foleni ikaangua kicheko, mkata tiketi akachoka. Tukaulaza sitaha ya juu, penye hewa. Babu akaukalia safari nzima, jaketi la kuokolea limembana shingo, macho kayafumba, kila honi anaiitikia, "Eeh, Mola wangu!" Bibi alimshika mkono, huku akinikonyeza.

Tukafika. Shangazi akampakatisha mtoto. Babu akamkodolea macho.

"Wajina," akasema, "umenitesa."

Huku nyuma mume wa Shangazi alikuwa akihangaika na mlango, chumba baada ya chumba. "Baba, samahani, hauingii popote. Ni mpana mno. Huu ni wa watu wawili!"

Babu akapatwa na kikohozi cha ghafla. Bibi akautazama mlango, akayatazama mabega yake.

"Boya wewe," akasema taratibu.

Siku ya kurudi mlango tulirudi nao. Safari hii Bibi ndiye aliyewahi kuukalia, akapigapiga ubao pembeni yake. "Njoo, Boya. Si ulinipimia?"