Naam ya Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, Mji Mkongwe, katika miaka ya hamsini, Katibu wa Kamati alinipa kalamu na sharti moja. Kamati ile ilikuwa ya raia tupu, ikipokea malalamiko juu ya watumishi wa serikali za mitaa. Walalamikaji wengi walijua kusoma herufi za Kiarabu, si hizi za kizungu. Basi karani aliandika, kisha akamsomea mwenyewe mara tatu, na kila mara mtu ajibu "naam". Bila ya naam tatu, lalamiko halikusikilizwa.

"Ya kwanza amesikia," alisema Katibu. "Ya pili amefahamu. Ya tatu amemshuhudisha Mungu. Usipunguze hata moja, mwanangu."

Nilipunguza.

Mzee Haji alitoka Makunduchi kumshitaki karani wa mudiri, yaani wa mkuu wa sehemu ile. Karani huyo alikitia kufuli kisima cha kijiji, maji yabaki kwa bustani yake. Wanakijiji wakinywa maji ya chumvi. Nilimsomea mzee mara mbili. Alijibu mara mbili kwa sauti nyembamba, na kila naam ikifuatwa na kikohozi. Ikaadhiniwa Alasiri.

"Ya tatu kesho, mzee wangu. Nnakwenda kusali."

"Kesho ya Mungu. Hebu malizia."

Nikafunga daftari. Kabla ya kesho hiyo, Mzee Haji alifariki.

Kikao kilikaa asubuhi ya jua kali. Karani wa mudiri alikuja akitabasamu.

"Bwana Mwenyekiti, naam ni mbili tu. Ya tatu mtaifuata kaburini?"

Bi Mize, binti wa marehemu, alikaa na chupa ya maji ya chumvi ya kijijini miguuni pake. Mwenyekiti aliniamuru nisome mara ya tatu, japo kwa heshima ya maiti. Nikasoma. Mwishoni nikasubiri, kwa mazoea.

"Naam," ilijibu sauti kutoka benchi tupu la mlangoni. Kisha kikohozi.

Hakuna aliyegeuka. Karani wa mudiri alitia mkono mfukoni, akauweka ufunguo wa kisima mezani.

"Andika," alisema Mwenyekiti taratibu. "Amejibu."

"Baba hapendi kazi nusu," alisema Bi Mize, akauchukua ufunguo.

Nilihamishiwa Mkokotoni, nikarudi mjini, nikastaafu salama, alhamdulillahi. Ile ilikuwa nini, sisemi. Ghaibu ni ya Mola. Namshukuru tu kwamba kosa langu halikuwaacha watu na kiu. Hata leo, nikimsomea mke wangu barua, mwishoni hunyamaza kidogo.

Yeye hudhani natafuta pumzi.