Marehemu wa Kiwalani Nilimpeleka Kwenye Theluji

Kosa ni langu, msinitafutie sababu. Niliambiwa cha kufanya, nikajifanya najua zaidi. Jina nimelificha, aibu niliyonayo inanitosha.

Mie naandikaga hadithi za kusisimua. Nywele nilikuwa nasukwa kwa Dada Zena, hapa hapa Kiwalani, miaka na miaka. Mjane, mpole, ana binti mmoja. Siku moja tuko wawili tu saluni, akanieleza mumewe alivyokufa.

Mumewe alikuwa fundi televisheni. Mchana kweupe kabeba televisheni ya mteja anairudisha, anakatiza vichochoroni. Mtu akapiga kelele, "Mwizi!" Basi tena! Mnajua mtaa ukishasikia neno hilo. Hakupewa hata nafasi ya kujieleza.

"Mie nilikuwa naanika nguo uani," Dada Zena akaniambia. "Nikasikia zile kelele. Nikasema, bora wamempata. Nikaendelea kuanika."

Jamani! Hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Akaniomba kitu kimoja. "Mdogo wangu, iandike. Iweke hapa hapa kwetu, na vichochoro vyake, watu wasome wajue hakuwa mwizi. Mwanangu shuleni wanamwita mtoto wa mwizi."

Nikamwahidi. Halafu, loh, ujuaji ukanipanda kichwani! Nani atasoma kitabu cha Kiwalani? Mitaro na mabati yenye kutu? Nikaona riwaya ya maana lazima iwe Ulaya. Nikamhamisha marehemu wa watu, nikamfanya jasusi, nikamwaga theluji kila ukurasa. Theluji yenyewe naionaga kwenye tivii! Barafu niliyowahi kuishika mie ni ile ya ukwaju ya kwa jirani.

Kitabu kikatoka. Nikakipeleka saluni mwenyewe, mbio, nimevimba kichwa. Walikuwepo wateja wanne. Dada Zena anasuka, akasema kwa furaha, "Hebu someni kwa sauti na mie nisikie."

Mmoja akasoma. Theluji imefika magotini, jasusi anakatiza vichochoroni na kandambili zake. Wakaanza kuguna. Nikajikaza, nikasema wataizoea. Ikafika pale mke yuko uani anaanika nguo, anasikia kelele za mwizi, anasema bora wamempata.

Msomaji akashindwa kuendelea. "Anaanika nguo kwenye theluji? Zikauke mwaka gani?"

Saluni nzima ikaangua kicheko! Watu wanagongeana viganja, mmoja anajifuta machozi kwa kanga. Na wala siwalaumu, wao hawakujua wanamcheka nani.

Dada Zena mikono ikasimama kichwani kwa mteja. Hakulia. Akaniangalia kwenye kioo, akasema taratibu, "Mdogo wangu, nilikupa mume wangu umsafishe. Umewapa watu wamcheke."

Nimemfuata nyumbani kwake mara tatu. Nimepiga magoti, yaani magoti kweli, mlangoni kwake, majirani wanaona. Nikamwambia nitaandika upya, kila kitu kama kilivyokuwa. Ananijibu, "Mie sina hadithi," anaingia ndani. Mtu aliyenifungulia moyo wake, leo salamu yangu haiitikii!

Mtaani bado wanasema yule alikuwa mwizi. Mimi ndiye niliyekuwa na nafasi ya kuwaambia ukweli, nikaona haya na mitaro yetu. Mjinga mie!

Juzi nimekutana na binti yake dukani. Nikamuuliza mama hajambo. Akasema hajambo, halafu mwenyewe akaongeza, "Aunti, mama kasema nikiulizwa baba alikufa na nini, niseme aliumwa tu."

Nilishindwa hata kumaliza kununua nilichofuata.

Nyie mnaoandika, na nyie mnaotaka kuanza, nawaomba kwa jina la Mungu: mtu akikukabidhi marehemu wake, mzike kwao.