Mtoto wa Nne wa Nkasiogi

Wifi yangu Silantoi ni mtu wa miguu. Kila siku anapita boma kwa boma huku magharibi ya Mlima Meru, mkoba wa zahanati begani, akiuliza nani kajifungua, nani anakohoa, choo kimejaa au la. Ni mhudumu wa afya ya jamii. Mimi Rachel, Mmeru wa Akheri niliyeolewa kwa Waarusha, humsindikiza kwa sababu mbwa wa huku hawana adabu, na mwenyewe napenda umbea.

Sasa, huku watoto hawahesabiwi. Ukinyoosha kidole, "mmoja, wawili," mama yao atakutimua, maana unawaitia mkosi. Silantoi akabuni njia yake: anaomba mama atoe vikombe vya chai, kikombe kwa kila mtoto, halafu anahesabu vikombe. Hapo hakuna anayegomba.

Kwa Nkasiogi vilitoka vinne. Watoto mbele yetu walikuwa watatu.

"Na huyu mwingine?" Silantoi akauliza.

"Yuko na ndama," akasema Nkasiogi.

Jamani! Kijiji kizima kinajua mtoto wake mdogo alichukuliwa na maji korongoni wakati wa masika. Lakini jina la marehemu huku halitajwi ng'o, kwa hiyo nani angeanza kumbishia? Tukanywa chai, tukaondoka. Moyo uliniuma, sifichi.

Daktari Godbless pale zahanati hakuumwa na chochote. Daftari la kaya, ambamo mtoto yule bado aliandikwa, ni la umma, alisema, na nakala inabandikwa ukutani kila mtu aisome. Mtoto aonekane kwa macho apewe matone ya vitamini, au afutwe. Na kufuta kuna utaratibu: jina lisomwe mbele ya mzazi, mzazi akubali.

"Daktari, kwetu jina hilo halisomwi," Silantoi alimwambia.

"Mama, sera haina cha kwetu."

Njiani nilimsihi. "Wifi, usisome. Mwache daktari aje mwenyewe na kiherehere chake."

"Akija yeye atasoma kama yuko mnadani," akasema. "Bora mimi." Alikuwa analia.

Nkasiogi alipoiona karatasi alijua. Akashika kizingiti. "Silantoi, nakuomba. Kwingine kote mmeshanyamaza. Ni kwenye daftari lenu tu mwanangu bado yupo. Usimtoe."

Silantoi akafumba macho, akasoma: "Lesian."

Sauti ikaitika kutoka banda la ndama. Ya mtoto, tena yenye furaha, kama ameitwa kula.

Mchana kweupe, nakuambia, jua la utosi! Wale watatu walikuwa mbele yetu, midomo imefungwa. Ndama wote wakageuza vichwa upande mmoja. Mimi nikaanza Baba Yetu, nikaisahau katikati.

Nkasiogi hakushtuka. Alitabasamu. Mungu wangu, alitabasamu!

"Umemwita, amekuja," akasema. "Mpe matone yake."

Ningekuwa mimi ningekimbia mpaka Levolosi, kule mjini. Silantoi alitoa mkasi, akakata ncha ya kidonge chenye matone, akainama kuingia bandani. Nilimwona akinyoosha mkono gizani, kimo cha mtoto wa miaka minne, akiminya taratibu. Akakaa humo kidogo. Alipotoka alikuwa anajifuta kidole kwenye kanga, tukashika njia ya zahanati.

Godbless alikuwa anamngoja, kalamu mkononi. "Haya mama, tunamfuta?"

"Hatumfuti. Amepata matone."

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Kumwona sikumwona, daktari," akasema Silantoi. "Alimeza, halafu akaniuliza mbona siku hizi hakuna anayemwita."