Mgeni wa Mpika Kashata

Mwahija binti Fakihi wa Kilwa Kivinje alikuwa na kazi mbili: kupika kashata za karanga na kuuliza maswali. Ya kwanza ilimpa riziki, ya pili ilimpa raha. Ukienda kwake kununua kashata, ulirudi umeshasema umelala wapi, umekula nini na mkweo ana hali gani. Mimi wadaku siwapendi, lakini huyu ningempenda, maana hakuuliza ili akaseme. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

Mwaka ule wa vita vya Maji Maji, mwezi wa Ramadhani, watu walikuwa wakiikimbia milima ya Umatumbi iliyochomwa na askari wa Wadachi. Alasiri moja msichana mmoja akapiga hodi mlangoni kwake, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, karibu. Lakini huo umama mdogo umeutoa wapi?"

"Mimi Tawakali. Mama yangu ni Mboni, dada yako. Amefariki porini, huko nyuma ya Kipatimu. Aliniambia nije kwako."

Mboni aliolewa zamani na Mmatumbi mmoja aliyeuza utomvu wa mpira, akapanda naye milimani, hakurudi tena. Mwahija alimpenda dada yake huyo kupita kiasi. Kila aliyeshuka kutoka bara aliulizwa habari zake, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo: jina la Mboni lilikuwa limesambaa njia nzima. Mwenye shida yeyote angeweza kuliokota akaja nalo. Kwa hiyo Mwahija hakumkubali mgeni, wala hakumfukuza, wala hakulia. Alimpa maji ya kuoga, akamwekea karanga za kumenya, akaanza kuuliza.

Jumbe wa mtaa naye hakuchelewa kufika. Kila mtu wa milimani lazima awe na mwenyewe wa kumdhamini, alisema, na asiye naye atapelekwa bomani. "Nataka jibu Ijumaa, kabla ya sala. Na ukisema ni wako, kisha ikaonekana ametumwa na wapiganaji, mtakwenda wote wawili." Bomani watu walikuwa wakinyongwa. Mwahija aliogopa, na si haya mtu kuogopa kitu kama hicho.

Basi maswali yakazidi. Mboni alikuwa mrefu? Alipenda kula nini? Mengine Tawakali aliyajibu sawa, mengine yakaenda upande.

"Mama alikuwa mkimya," alisema.

"Mboni mkimya? Mboni aliyegombana hata na kuku?"

"Huko kwetu hakuwa na wa kugombana naye, mama."

Jibu hilo lilimchoma Mwahija, lakini halikuwa ushahidi.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na kashata za watu wa futari. Karanga zilikwisha kukaangwa, kumenywa na kupepetwa. Sukari guru ilikuwa ikiyeyuka sufuriani, na iliki ndani yake. Mwahija alikuwa na saumu, hakuweza kuonja, akadondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. Tone likawa laini bado, sukari haijaiva. Akamwachia Tawakali mwiko, akaenda kuupaka ubao mafuta ya nazi.

"Astaghfirullahi!" Aliyepiga kelele ni jirani yake, Binti Kibwana, aliyekuja kusaidia. "Mtoto wewe, mkono wa kushoto kwenye chakula cha watu waliofunga?"

Tawakali akauhamisha mwiko haraka, uso umemwiva kwa aibu. Mwahija hakumkemea. Alisimama na mafuta yakimchuruzika vidoleni.

"Jana ulikula kwa mkono wa kulia," alisema. "Ugali nao uliusonga kwa kulia."

"Ndiyo, mama. Kashata tu. Mama alikuwa akizipika hivyo siku ya Idi, nikadhani ndivyo zinavyopikwa. Alisema na bibi alipika hivyo."

Bibi huyo, mama yao Mwahija na Mboni, kule kwao Pande, aliunguzwa mkono wa kulia na sukari kabla hajazaa. Vidole vikakunjamana, akawa anakoroga kwa kushoto. Binti zake wawili wakamwiga, wakiamini kashata ndivyo zinavyotaka. Mwahija alipoolewa Kivinje, mkwewe alimchapa mkono siku ya kwanza tu jikoni. Akaacha, na kwa haya hakumsimulia mtu, hata Binti Kibwana. Alikuwa amewauliza wasafiri mengi juu ya dada yake, lakini hilo hakuwahi kulitaja.

"Mama, inaungua," alisema Tawakali.

"Iache iungue. Binti Kibwana, nenda kwa jumbe. Mwambie huyu ni mtoto wa dada yangu, mimi ndiye mwenyewe."

Akamgeukia Tawakali, mikono imekunjuka amkumbatie, na hapo jambo la pili likamfika. Msichana alikuja na habari mbili mlangoni, na ikiwa moja ni kweli, nyingine nayo ni kweli. Akafungua kinywa aulize, asione la kuuliza. Akakaa chini pale pale jikoni.

"Ukitoka kwa jumbe," alimwambia jirani yake, "pita kwa majirani uwaambie waje na mikeka. Nimefiwa na dada yangu."