Nilivyosaka mahali ilipopigwa picha ya roketi kwa sababu ya kanga iliyoanikwa

Wakuu, poleni na mihangaiko. Nawaandikia kutoka Stechford, Birmingham, mvua inagonga dirisha na leo niko off. Haya yamenikuta mwenyewe. Kama kuna pahala nimekosea, ni kumbukumbu, si chumvi.

Mnijue kidogo kwanza. Kwetu Tabora, elimu yangu form four, na fizikia ilinipiga F ambayo mama anaitaja hadi leo. Lakini roketi nazipenda tangu mdogo, hilo F halikunitoa.

Huku nafanya care. Nazunguka majumbani kwa wazee, nawaogesha, nawapikia, napiga nao stori. Nikimaliza narudi chumbani kwangu, nafunga mlango, basi. Kuna Jumapili inaisha sijatamka neno la Kiswahili na mtu yeyote. Naongea na sufuria.

Sasa niko kwenye group moja la wapiga picha za roketi kule Florida. Mimi si mpiga picha, ni mtu wa kuangalia na kuweka like.

Siku hiyo ikapostiwa picha kali sana. Alfajiri, anga rangi ya papai, roketi inapanda na moto mweupe. Chini yake, mbele kabisa, kuna gesti ya ghorofa moja yenye korido ya nje na vyuma vya kijani. Watu wote wanakomenti moto na moshi.

Mimi nikazoom pembeni.

Kwenye vile vyuma imeanikwa kanga.

Wakuu, kanga naijua. Nyekundu, pindo la korosho limezunguka pande zote, na pale yanapokaa maneno pamekunjika, hayasomeki. Mzungu angesema taulo. Mimi nilisimama jikoni na kijiko mkononi. Kumbe pale chini ya roketi kuna mtu wetu!

Nikasema lazima nijue hii picha imepigwa wapi. Nikiipata gesti, nimempata mwenye kanga. Sikutaka kitu kikubwa. Nimsalimie tu, aniitikie.

Mwenye picha alitaja kituo cha kurushia roketi, lakini hakusema yeye alisimama wapi. Nikaingia kwenye ramani ya satelaiti. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: roketi inaonekana kubwa vile, imegusa paa la gesti, basi gesti iko jirani na kituo.

Kila break ya kazi nazungusha ramani kando ya kile kituo. Vichaka, maji, na barabara zinazoishia kwenye uzio. Hakuna hata kibanda. Nikaanza kuhisi labda ni AI, na hiyo ikaniuma kuliko nilivyotegemea.

Hapa aingie Liban. Tunaishi nyumba moja, ni Msomali aliyekulia Nairobi, anaendesha taksi. Tulikuwa tunapishana tu kwenye ngazi, yeye anatoka mimi naingia. Siku moja nikamkuta anachemsha chai, nikaona liwalo na liwe, nikamwonyesha.

"Hiyo ni leso, bro," akasema. Kwao kanga ni leso. Halafu akaangalia nilikokuwa natafuta, akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

Hakunieleza. Alinipakia kwenye gari akanipeleka Hodge Hill, pale barabara inapoteremka na maghorofa ya town yanaonekana kwa mbali. Akaniambia nipige picha ya nyumba iliyo mbele yetu. Nikapiga, maghorofa nyuma yake kama njiti za kiberiti. Akaniambia sasa tupande mlima, turudi nyuma kabisa, nizoom mpaka nyumba ile ile iwe na ukubwa ule ule.

Maghorofa yakawa yamesimama juu ya paa, kama vile yako mtaa wa pili.

"Wewe unamtafuta karibu," Liban akasema. "Huyo jamaa alirudi mbali akavuta na lenzi. Hata gesti iko mbali na hiyo roketi. Rudi nyuma, maze."

Wakuu, hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha vile.

Nikarudi kwenye picha. Kushoto kidogo, nyuma ya paa, kuna tangi la maji juu ya mnara, limepangana sawasawa na shina la moshi. Nikalitafuta tangi lile kwenye ramani, nikalipata. Nikavuta mstari kutoka kituo cha roketi, ukapita kwenye tangi, nikauacha uende. Ukavuka mto mpana, ukaingia mjini ng'ambo.

Nikafungua street view, zile picha za barabarani kwenye ramani, nikatembea kwa kidole. Vyuma vya kijani hivi hapa. Nililia kidogo, siwafichi.

Ila kwenye picha ya street view kulikuwa na mopu tu imeegeshwa.

Nikapiga simu gestini. Dada wa mapokezi mpole kabisa, akauliza namtaka nani. Jina sina. Ningesema nini, namtaka mwenye kanga? Nikamshukuru, nikakata.

Nikamwandikia mpiga picha. Nikamwambia mstari wangu ukiipita gesti unafika parking ya maduka, ulisimama pale. Akakubali, akashangaa, lakini kitambaa hakuwahi kukiona. Akakagua picha nyingine za asubuhi ile, akanitumia moja ambayo hakuipost.

Roketi imeshapotea, umebaki moshi. Mwisho wa korido, ukuta unapoishia, amesimama mama mmoja na aproni ya usafi, katupa mgongo. Kanga iko mabegani. Mkono ameunyoosha juu, simu imeelekezwa kwenye moshi.

Alfajiri ya kule ni mchana nyumbani. Kuna mtu alikuwa anaonyeshwa.

Sura yake sijaiona hadi leo.

Jioni ile nilitoa kanga ambayo mama alinifungia kwenye begi, nikaitundika nje ya dirisha langu, linatazama reli. Nikampigia mama video. Hajawahi kuona ninapoishi.

"Hiyo si kanga yangu? Mbona unaianika kwenye mvua?"

Nikamwambia nataka ionekane.

"Na nani, baba?"

Treni ikapita, nikamwonyesha treni.

Nilichojifunza: kitu kikionekana kikubwa kwenye picha, usidhani kiko karibu, na usiangalie katikati tu. Mengine bado najifunza. Liban siku hizi ananigongea mlango chai ikiiva.

Wenye uzoefu wa kusaka picha, au wa Jumapili kama zangu, shusheni hapa, nasoma zote. Na kama unapanda treni ya town ukapita Stechford, tazama madirisha ya juu. Ukiona kanga, punga mkono, hata kama sipo.

Mama anasema nikiiacha nje itapauka. Nimeiacha.