Upande wa Nyuma wa Maelezo

Fundi wa kuchomelea, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, hakuwahi kuiba hata njiti ya kiberiti. Lakini duka la vifaa vya umeme lilipokatwa kufuli, polisi walitafuta mwenye mashine ya kukatia vyuma, na mtaani mwenye nayo alikuwa yeye peke yake. Upelelezi ukaishia hapo. Akasota mahabusu miezi saba.

Sheria ilitaka apewe nakala za maelezo ya mashahidi kabla kesi haijasikilizwa, na kweli alipewa. Karani alimsogezea daftari asaini kwanza, ndipo akamkabidhi karatasi nne. Alizisoma mpaka zikalegea. Iliyomkosesha raha ilikuwa ya mlinzi wa duka, mzee aliyepakana naye nyumba. Mstari wa mwisho ulisema: "Nilimmulika usoni kwa tochi na". Na nini, Mungu ndiye ajuaye. Polisi huandika mbele na nyuma ili kubana karatasi. Pale ofisini kwa karani mashine ya nakala ilitoa upande mmoja tu, maana ukigeuza karatasi inakwama. Miaka nenda rudi, hakuna aliyejali.

Mkewe alikuja kila Jumapili, wakapewa dakika tano nyuma ya nondo, katikati ya makelele ya watu wengine. Cheche hakumgusia habari za karatasi. Mwanamume mzima, aliona haya kumlilia.

Mahakamani aliomba upande wa pili wa karatasi ya mlinzi. Mwendesha mashtaka akainua daftari lenye saini. Hakimu akamuuliza kama mkono ule ni wake, naye akakubali, angeukanaje?

"Basi umepokea," hakimu akasema. "Tuendelee."

Mlinzi hakuitwa hata kutoa ushahidi. Cheche akala mvua tano gerezani, na kabla mwaka haujaisha mkewe akaacha kuja.

Mwaka wa tatu rufaa ikasikilizwa. Jaji aliitisha jalada halisi, akageuza karatasi, kazi ya kupepesa jicho, akasoma: "na hakuwa fundi jirani yangu, huyo namjua vizuri." Cheche aliachiwa siku hiyohiyo. Pole hakupewa na mtu.

Alikwenda moja kwa moja kwa mlinzi, amejaa hasira, kumuuliza kwa nini alimwacha afungwe. Mzee alimpa kiti.

"Mwanangu, mimi nilisema yote, wakaandika, nikatia dole gumba. Wakaniambia na wewe utapewa usome. Mkeo alipokuja kuniuliza, nikamwambia nimekutetea kwa maandishi, na nakala unayo."

"Akasemaje?"

"Akasema, kama mume wangu anayo karatasi hiyo na bado amefungwa, na mimi hajanitajia hata siku moja, basi anajua mwenyewe alichofanya. Wiki ileile akahama na watoto."

Cheche akauliza wamehamia wapi. Mzee hakujua.